Risasi Iliyokwama Mtutuni

Mlio ulikuwa mdogo. Haukuwa mlio wa bastola. Ulikuwa kama wa kizibo cha chupa kinachong'olewa na mtu asiyetaka wenziwe wajue anakunywa: pu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la kulia la kaka yangu Royce, saa ya mashindano mkononi, na kabla akili haijaniambia nimesikia nini, nilikuwa nimeshapiga kelele.

"Simama! Kidole nje! Simama!"

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshauvuta mgongo wa bastola nyuma na kuuachia. Ndivyo tulivyojizoeza sote pale uwanjani, mpaka mikono ikaacha kuuliza kichwa: bastola ikigoma, gonga, vuta, piga. Alikuwa amegonga. Alikuwa amevuta. Sauti yangu ilikikuta kidole kikirudi kwenye kifyatulio.

Akasita. Akageuza shingo peke yake, bastola ikabaki imeelekea kwenye tuta la mchanga. Kwa hilo namsifu, na sifa zangu kwake zinaishia hapo.

"Una wazimu, Marva? Saa inakwenda!"

"Iweke chini."

"Nilikuwa naongoza!"

"Iweke chini, Royce."

Fataki, kile kidonge cha kuwashia kitakoni mwa ganda, hata peke yake bila baruti, ina nguvu za kukisukuma kichwa cha risasi mpaka katikati ya mtutu na kukiacha humo kama gunzi kooni. Hilo halimuumizi mtu. Kinachoumiza ni risasi inayofuata, nzima, yenye nguvu zake zote, inayokuta njia imezibwa. Hapo chuma hutafuta njia nyingine, na njia ya karibu ni kiganja cha mwenye kushika.

Nataka jambo moja lieleweke mapema. Nilimchukia kaka yangu. Nilimchukia kwa utulivu, kama mtu anywavyo dawa aliyoandikiwa, asubuhi na jioni, bila kuruka. Mara nyingi nilikuwa nimesimama jikoni nikiosha vyombo na kumtakia jambo lile lile lililokuwa limekaa ndani ya mtutu wake. Na siku lilipokuja, limeiva, likiniomba ninyamaze tu kwa muda wa kupepesa jicho, mdomo wangu haukunishauri. Ulipiga kelele wenyewe. Sijapatana nao vizuri tangu siku ile.

*

Tulizaliwa wawili, nje ya mji wa Sorrel Flat, mashariki mwa Wyoming, mahali ambapo upepo ukitulia watu hutoka nje kuangalia kuna nini. Baba alitufundisha kulenga kabla hatujajua kuendesha baiskeli. Mimi nilijifunza kutulia. Royce alijifunza kushinda, na hayo ni masomo mawili tofauti.

Huko kwetu kila nyumba ina chumba cha chini, na kila chumba cha chini kina benchi. Risasi za dukani ni za wageni na wawindaji wa mara moja kwa mwaka. Mlengaji hasa huokota maganda yake uwanjani, huyaosha, huyanyoosha, huyatia fataki mpya, huyashindilia baruti kwa kipimo, na kuyafunga kwa kichwa kipya. Ukitaka kumjua mtu wa Sorrel Flat, usimsikilize kanisani. Mtazame kwenye benchi lake.

Mume wangu Wendell alikuwa na mashine ya mkono mmoja, ya babu yake, iliyofanya jambo moja kwa ganda moja kwa wakati mmoja. Alipokwisha kutia baruti, aliyapanga maganda kwenye kibao chenye matundu, akainama na taa, akachungulia baruti ya moja baada ya jingine, midomo ikicheza kimya. Nilimwambia anafanana na mama mkwe anayechambua mchele. Alisema afadhali jiwe kwenye mchele.

Royce alinunua mashine ya mzunguko. Unavuta mkono wake mara moja, sahani inazunguka, na kila mvuto unatoa risasi iliyokamilika, inadondoka kwenye ndoo ikilia. Aliiweka mbele ya televisheni. Alivuta mkono huku akiwazomea wachezaji wa mpira, kopo la bia pembeni, na mashine ikikwama aliurudisha mkono nyuma, akaupigapiga kwa kiganja, akaendelea.

"Wewe shemeji unapika uji," alimwambia Wendell. "Mimi nina kiwanda."

"Uji haujamuua mtu," Wendell alisema.

"Na wala haujamshibisha."

Wakacheka wote. Siku zile walikuwa bado wanacheka.

Siku ya kuzaliwa ya Wendell, Royce alimletea sanduku la risasi za rivolva, limefungwa utepe mwekundu. "Upumzike kuchambua mchele," akasema. Wendell hakupenda risasi za mtu mwingine. Ni kama mswaki, alizoea kusema. Lakini alilelewa na watu ambao zawadi ikitolewa hadharani hutumika hadharani, na Jumamosi ile, uwanjani, Royce akiwa pembeni yake mikono mfukoni, akaijaza silinda ya rivolva ya babu yake, akalenga.

Risasi za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha ikaja moja iliyopasuka kama mlango wa ghala uliopigwa na tufani. Sehemu ya juu ya rivolva ilifunguka kama kopo la samaki. Wendell hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye kokoto, taratibu, kama mtu aliyechoka, akaweka kiganja juu ya uso wake. Miwani ilikuwa imezuia vipande vingi. Kipande kimoja chembamba kilipita juu yake, kati ya kioo na nyusi.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti, kitambaa mkononi, nikimwita jina. Kwa hiyo sikuona Royce alifanya nini. Twyla Prewitt ndiye aliyeona, mwenyekiti wa chama chetu cha walengaji, dereva mstaafu wa basi la shule. Alimwona Royce akienda mezani, akichukua lile sanduku lenye risasi zilizobaki, na kulipeleka garini mwake. Alidhani anasafisha nafasi ili tumlaze majeruhi.

Hospitalini walitoa kipande kile, na siku iliyofuata wakatoa na jicho.

Nilipompigia Royce kuuliza risasi ziko wapi, alisema amezitupa mtoni. "Kwa usalama," akasema. "Sikutaka mtu mwingine aumie."

"Aumie na nini, ikiwa zilikuwa nzuri?"

"Chuma kile kilikuwa kizee, Marva. Kila mtu anajua. Na mumeo huchanganya risasi zake na za watu. Mimi simsemi vibaya, nasema yanayojulikana."

Kabla ya kidonda kukauka, yakawa kweli yanajulikana. Kwenye duka la mbolea, kwa kinyozi, hata kanisani, watu walitikisa kichwa kwa huruma: maskini Wendell, na ile rivolva ya kale. Wapo waliomwambia usoni. Aliwaitikia. Alikuwa mtu wa kuitikia. Lakini nyumbani aliifunika mashine ya babu yake kwa shuka, akazima taa ya chumba cha chini, na mtu niliyeolewa naye akabaki huko chini gizani.

Msimu uliofuata nilimburuta hadi kwenye duka la bunduki la mji wa jirani. Nilifikiri mlengaji asiyelenga ni kama farasi asiyesimama, ataoza. Muuzaji alikuwa mvumilivu. Alimwekea bastola moja baada ya nyingine kwenye zulia la kaunta, naye Wendell akazipima kwa kiganja kwanza, kama ipasavyo, kwani bastola ni kama kiatu, jina lake halina maana kama inakubana. Lakini zote zilikuwa na vilengeo vya chuma. Mwanya nyuma, kijiti mbele, shabaha mbali: vitu vitatu vya kuviweka kwenye mstari mmoja, na Wendell alikuwa amevipanga maisha yake yote kwa jicho la kulia. Sasa aliinua mkono wa kulia na kichwa kikamfuata upande, kikitafuta jicho ambalo halikuwepo. Alionekana kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo la nyumba ya watu.

Muuzaji akaleta bastola yenye kioo kidogo mgongoni, ndani yake nukta nyekundu. "Hii haina kupanga," akasema. "Nukta ikikaa kwenye shabaha, basi. Jicho lolote."

"Taa ya kuchezea paka," Wendell alisema.

Lakini aliiinua. Nilimwona ubavuni. Mkono ukanyooka, shingo ikanyooka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile kichwa chake hakikutafuta kitu. Akabaki hivyo, ameilenga saa ya ukutani, hapumui.

Kisha akaiweka chini kwenye zulia, polepole mno.

"Twende," akasema.

"Wendell, umeiona nukta."

"Nimesema twende. Sitaki kufundishwa kuona na taa."

Njiani nilimwonya kuhusu gari lililokuwa likija upande wake wa kulia. Akapiga usukani kwa kiganja. "Nimeliona! Unadhani mimi kipofu?" Alikuwa hajaliona. Tangu siku ile niliapa sitamwambia tena, nami nilikaa kwenye kiti cha abiria, ambacho kwetu kiko kulia, nikiuma meno kila njia panda.

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi, mimi na yeye, na chuki yangu kwa Royce ikiwa mtoto wetu wa pekee, ananenepa.

*

Siku ya risasi iliyokwama ilikuwa Jumamosi ya Septemba. Mashindano yetu hufanyika kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, tuta la mchanga pande tatu. Mimi nilikuwa na cheti cha usimamizi, na Twyla alinipa kundi la Royce.

"Mpe mtu mwingine," nilimwambia.

"Hakuna mwingine anayemweza," akasema. "Ukitaka kumtukana, mtukane kwa sheria."

Wendell alikuwa amekuja. Sikumwomba. Alipanda tu garini asubuhi, na tulipofika akashusha mlango wa nyuma wa pikapu, akaketi juu yake na chupa ya kahawa, mbali kidogo, vifunika masikio shingoni. Watu walimpungia. Royce alimpungia pia, kwa nguvu, ili waone.

Kisha pu. Kisha kelele yangu.

Twyla alikuja na fimbo ya shaba. Alihakikisha kwanza chemba ya risasi ni tupu, akaiingiza fimbo kwenye mdomo wa mtutu. Ilikwenda kidogo ikasimama. Akaigonga taratibu. Ikasimama pale pale. Watu walikuwa wamesogea. Upepo ulikuwa unapigapiga karatasi za shabaha.

"Royce," Twyla alisema, "kama dada yako angepiga chafya badala ya kupiga kelele, leo ungejifunza kula kwa mkono wa kushoto."

Uso wa kaka yangu ulipoteza rangi, kisha ukairudisha yote kwa pamoja. Nilingoja shukrani. Hata adui hungojea neno la namna hiyo, siwezi kukataa. Aliitazama ile fimbo, akanitazama mimi, kisha akatazama kule kwenye pikapu yetu.

"Nani kagusa sanduku langu?"

"Nini?" Twyla akauliza.

"Nauliza nani kagusa sanduku langu la risasi. Lilikuwa hapa mezani asubuhi nzima. Huyu alikuwa hapa. Na yule kule, siku zote haji, leo kaja. Kwa nini kaja leo?" Alikuwa akininyooshea kidole kilekile. "Mnadhani mimi mjinga? Mmeniwekea mtego, halafu umejifanya mwokozi mbele za watu!"

"Nimekuwekea mtego," nikasema, "halafu nikautegua?"

"Ulitishika. Hukuwa na moyo wa kuumaliza."

Nimetukanwa mara nyingi maishani, lakini sijapata kutukanwa kwa kitu nilichotamani kukifanya na sikukifanya. Mkono wangu ulikuwa na jibu, nami nikaufungia ndani ya mwingine.

"Basi tutazifungua," Twyla akasema. "Zote. Hapa mezani. Mbele ya kila mtu."

"Hakuna ruhusa—"

"Ruhusa ni mimi. Au utazitupa na hizi mtoni?"

Hapo ndipo umati uliposogea kweli. Wanaume waliokuwa wakitikisa kichwa kwa huruma kwenye duka la mbolea walisogea pia. Twyla alikuwa na nyundo ya kuvunjia, ile ya plastiki yenye tumbo. Unaitia risasi ndani, unagonga mezani, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika upande wake. Alitandaza karatasi nyeupe. Akaweka mizani. Akagonga.

Nyingi zilikuwa nzuri. Nasema haki. Zilikuwa nzuri, moja baada ya nyingine, vilima vidogo vya kijivu vinavyolingana, na nikaanza kuona bega la Royce likishuka kwa nafuu. Kisha Twyla akagonga moja, akaitikisa, akaichungulia. Haikutoa hata chembe. Ilikuwa imefungwa tupu.

"Weka pembeni," mtu akasema.

Zilizofuata zikawa sawa. Kisha akagonga moja ambayo baruti yake haikuacha kumwagika. Kilima kilikua, kikafunika kile kilichokuwa chini yake. Hakukuwa na haja ya mizani, lakini Twyla akapima hivyo hivyo, kwa heshima. Mara mbili ya kipimo. Kila mtu pale alikuwa na benchi nyumbani na kila mtu alielewa: mashine imekwama, mtu kaurudisha mkono nyuma bila kutazama, macho yako kwenye mpira, ganda moja limenyimwa, jingine limeshibishwa mara mbili. Yule aliyenyimwa ndiye aliyeziba mtutu wa Royce. Ndugu yake aliyevimbiwa alikuwa mezani mbele yetu.

Na wa miaka miwili nyuma alikuwa amefika kwa Wendell, na utepe mwekundu.

Nilisikia kokoto zikilia. Umati ukafunguka. Wendell alikuja hadi mezani, akainama kama alivyokuwa akiinama na taa yake kwenye chumba cha chini, akaitazama ile baruti kwa jicho lake moja, kwa muda mrefu. Hakumtazama Royce. Akaokota ganda tupu, lile lililokosa, akalizungusha kati ya vidole, akalirudisha mahali pake. Kisha akarudi garini na kuketi, safari hii ndani, mlango umefungwa.

"Mashine zote hukosea," Royce alikuwa anasema, kwa kila mtu na kwa yeyote. "Mashine yoyote."

Alikusanya vitu vyake, akaondoka akitimua vumbi, na hakukanyaga tena pale uwanjani.

*

Ungedhani ushindi una ladha. Nilirudi nyumbani siku ile nikitegemea mume wangu, maadamu jina lake limesafishwa mbele ya mji mzima, atanishika japo mkono. Aliendesha bila kusema neno. Alikula bila kusema neno. Kesho yake vilevile, na wiki, na mwezi. Haikuwa huzuni ile ya zamani. Huzuni ile niliizoea. Hii ilikuwa na meno. Nikiingia chumbani anatoka. Nikicheka na jirani kwenye simu, anafunga kabati kwa kishindo. Nilifikia hatua ya kumtengenezea chakula anachokichukia ili tu aseme kitu.

Mama naye alinipigia. Alikuwa akiishi na Royce, upande wa pili wa mji, na kifua chake kilikuwa kimeanza kumwishia pumzi.

"Ndugu yako hali chakula," akasema. "Kaaibishwa mbele za watu, na wewe ndiye uliyepiga yowe."

"Nilimwokoa mkono, Mama."

"Ungemwokoa kimya kimya."

Nikakata simu. Hicho ndicho nilichoambulia: kaka aliyenichukia kwa kupiga kelele, mama aliyenilaumu kwa ukubwa wa kelele, na mume ambaye, nilikuwa na hakika sasa, alinichukia kwa sababu sikunyamaza. Damu ni damu, nilijua anafikiri hivyo. Marva ametetea damu yake.

Asubuhi moja ya Januari tulikuwa tunaondoa theluji mbele ya gereji, yeye upande wake, mimi wangu. Nilizungusha koleo, naye hakuniona, nilikuwa kulia kwake, na mpini ukamgonga kiwiko.

"Angalia basi, mwanamke!"

"Nimekaa hapa muda wote!"

"Ungesema upo!"

"Nikisema unanifokea, nisiposema unanifokea!" Nikalitupa koleo, likateleza hadi barabarani. "Sema, Wendell. Sema basi. Ulitaka ninyamaze. Ulitaka impasukie mkononi, nami nikakunyima, kwa sababu ni kaka yangu. Sema yaishe."

"Hujui unachosema."

"Nambie wewe unayejua."

Aliegemea mpini wake. Pumzi yake ilikuwa inatoka nyeupe na kupeperushwa.

"Niliusikia," akasema.

"Uliusikia nini?"

"Ule mlio. Nilikuwa nimekaa kule nyuma ya gari, nikausikia. Pu. Unadhani siujui? Nimeshindilia risasi tangu sina ndevu." Akafuta pua kwa mgongo wa glavu. "Nikafungua mdomo, Marva."

Nikangoja.

"Halafu nikaufunga."

Upepo ulichukua theluji kutoka juu ya paa na kuitembeza uani kati yetu.

"Kisha wewe ukapiga kelele," akasema. "Nikakuchukia pale pale. Si kwa ajili yake. Yeye ni nani? Nilikuchukia kwa sababu wewe uliweza."

Akaendelea kukwangua theluji. Nilikuwa na mengi ya kumwambia Royce, miaka miwili ya maneno, nimeyanoa yote. Huyu sikuwa na hata moja la kumwambia. Ningemwambia kwamba sikuweza, kwamba mdomo ndio ulioweza, kwamba nusu yangu ilikuwa imekaa naye kule nyuma ya gari, imefunga mdomo. Nilikwenda barabarani, nikaliokota koleo, nikarudi upande wangu. Tulimaliza bila kusemezana. Lakini kimya cha siku zilizofuata kilikuwa kingine. Cha kwanza kilikuwa cha mtu aliyefunga mlango akaondoka. Hiki kilikuwa cha mtu aliyefunga mlango akabaki amesimama nyuma yake.

Mama alifariki mwezi wa Machi.

Royce alisimama mlangoni mwa kanisa kupokea watu, kwenye suti ya Baba iliyombana mabega. Alikumbatia wazee, aliwapa mkono wanaume, akawainamia watoto. Tulipofika sisi, Wendell ndiye aliyetangulia. Alinyoosha mkono kabla ya kunyooshewa.

"Pole, shemeji," akasema.

Nilimwona Royce akiutazama mkono ule, kisha lile jicho la kioo, kisha mkono tena. Akaupokea. Aliutikisa kwa nguvu, akamshika na bega. "Asante, shemeji. Asante kwa kuja. Mama alikupenda." Na macho yake yalikuwa na machozi, ya kweli, naapa.

Nami nikanyoosha wangu.

Macho yake yalipita juu ya kichwa changu kama mtu anayesoma bango kwa mbali. "Twyla!" akasema, kwa mtu aliyekuwa nyuma yangu. "Karibu, karibu ndani."

Chini, kwenye ukumbi wa chakula, Twyla alinikuta nimesimama na sahani ya nyama ya nguruwe na saladi ya viazi ambayo sikuigusa.

"Huyo hatakusamehe mpaka akuzike," akasema.

"Anisamehe kwa lipi?"

"Kila asubuhi anafunga vifungo vya shati. Vidole vitano, vyote vipo. Unadhani anamkumbuka nani?" Akanitilia kijiko cha jeli ya kijani kwenye sahani, kana kwamba hiyo ni dawa, akaenda zake.

Sijazungumza na kaka yangu tangu siku ile, na miaka imepita mingi. Tukikutana dukani yeye huacha kikapu chake palepale na kutoka. Sikumtafuta. Chuki yangu kwake ilikuwa imenyauka bila mimi kuimwagilia, ila yake ina mizizi. Nadhani itatuzika sote wawili.

Tuliondoka kanisani mchana, jua kali juu ya theluji iliyobaki mitaroni. Wendell aliendesha. Njia ya kokoto inayotoka makaburini inakutana na barabara kuu mahali ambapo kuna kilima kidogo upande wa kulia, na mimi, kama kawaida yangu, nilikuwa nimeanza kuuma meno.

Alisimamisha gari kabisa. Injini ikabaki inanguruma. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya usukani, na alikuwa akitazama mbele moja kwa moja.

"Huko kwako kuna nini?" akauliza.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikageuka, nikaangalia.

"Swala," nikasema. "Watatu. Wako ukingoni."

"Wanavuka?"

"Bado wanafikiri."

Akatia gia ya kusimama, akaegemea kiti.

"Utaniambia wakimaliza," akasema.

Tukangoja.